Nguzo Iliyovikwa Nguo

Tarehe 4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una yale mafua yako ya kila mwaka, basi ikukute umeshaanza kuwasumbua watu tena. Mimi huku sijambo, sijambo kupita kiasi, mpaka wenzangu wananionea wivu. Msalimie shemeji, mwambie ule mguu asiudekeze, autembeze. Wapwa zangu wabusu wote, hata yule anayening'ata. Shangazi akiuliza tena nitaoa lini, mwambie nimeshaoa mashine: ina tani tisa, haijibizani, na ikilala haikoromi.

Tangu radi ipige mnara wenu wa simu nimegeuka mtu wa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, uvumilie. Barua zetu atazibeba dereva wa lori la nyaya. Tunamwita Kobe, na ukimwona barabarani hutauliza kwa nini. Usimharakishe. Akiharakishwa ananuna na kupunguza mwendo.

Sasa kaa chini usikie. Faiba, ule waya mwembamba wa simu na intaneti, inakuja kwenu! Mstari wetu mzima unaishia mtaa wetu, mbele ya duka lako la ushonaji, na mpango wa nani aanze wapi, lini, na mashine gani, nimeupanga mimi mdogo wako. Mhandisi mkuu ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Yeye ana kompyuta. Mimi nina ukuta wa kontena la ofisi: nimebandika ramani yote, na juu yake nimetandaza yale mabaki ya nyuzi uliyonipa. Nyekundu ni umeme, buluu ni maji, nyeusi ni faiba yetu. Uzi wa njano, ambao ungekuwa wa mabomba ya mafuta, hukunipa, lakini mpaka sasa sijauhitaji.

Kazi yenyewe ni hivi. Panapowezekana tunachimba mtaro. Penye barabara na nyumba tunatoboa: mashine inasukuma ncha ya chuma chini kwa chini, inaingilia huku inatokea kule, na juu anatembea mtu na kifaa mkononi akiitafuta iko wapi. Ncha ile haina macho, dada. Ikikuta jiwe inasaga, ikikuta bomba inasaga vilevile. Ndiyo maana kila panapopita kitu, au panapodhaniwa kinapita, tunatangulia kwa mikono, sululu na koleo taratibu, mpaka tukione kwa macho yetu. Tunayaita mashimo ya kuchungulia. Yanakula siku nyingi kuliko kutoboa kwenyewe.

Juzi timu nyingine ilipiga waya mkubwa wa umeme. Aliyekuwa kwenye mashine yu hai, nyusi tu ndizo hazipo. Nilikwenda kumwona hospitali, nikamwambia sasa anafanana na yai, akacheka, nikacheka. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilikataa kushuka. Jua lilikuwa kali siku ile.

Ni mimi mdogo wako, Bingwa wa Mitaro.

* * *

Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu, Injinia usiye na cheti,

Barua yako imefika, imenuka dizeli mpaka nikafungua madirisha. Sisi wazima. Mguu wa shemeji yako umepata nafuu, ila mwenyewe hajapenda habari hiyo isambae. Mtoto wa mwisho ameng'oka jino, kwa hiyo sasa anang'ata kwa upande mmoja. Shangazi anasema kama umeoa mashine basi uipe salamu za mkwewe, na iwe inajua kufagia.

Nimefurahi kwa kazi yako. Nimewaonyesha wateja barua, wamesema mwandiko ni wa daktari.

Nina maswali, nijibu vizuri usifanye mzaha. Mtapita upande gani wa mtaa? Kile kiwanja mama alichokuachia, ubavuni mwa nyumba, msikiguse. Nimepanda mboga. Pitieni ng'ambo, kwenye duka la unga. Na hiyo ncha inakwenda chini kiasi gani? Kimo cha mtu, au zaidi? Na hayo mashimo ya kuchungulia, wanaochimba ni watu wazima wenye akili, au ni wale wa kukimbilia chakula cha mchana?

Usijisumbue kuja kukagua. Nyumba imejaa, huna pa kulala. Watume watu wako, ila waambie waangalie vizuri. Waangalie kila mahali.

Dada yako.

* * *

Tarehe 3 Machi

Dada,

Pole kwa kukaa kimya, mvua imetupiga kisawasawa. Mitaro imekuwa mabwawa, vyura wamehamia na familia zao. Mwambie shemeji siri ya mguu nitamtunzia. Shangazi mwambie mashine inafagia, ila inafagia na ukuta.

Swali la mboga limenichekesha. Tangu lini ukapenda mboga kiasi hicho? Ncha itapita chini ya mizizi, hata bamia haitashtuka. Ng'ambo hatuwezi, mwenye duka la unga amekataa hata kutia sahihi, unamjua yule. Tunapita upande wetu.

Habari kubwa hii hapa. Kwa mvua hii tulikuwa tumechelewa vibaya. Mhandisi mkuu akaitisha kikao, kila mtu akapewa chai na lawama. Wakubwa walipoishiwa maneno, nikasimama mimi. Nikasema, tusingoje mashine moja imalize yote. Mashine ya pili, ya wale wenzetu wa kampuni ndogo, ianzie huko karibu na mwisho wa mstari, mtaa wa jirani, kisha iingie mtaa wetu. Wakatikisa vichwa kwamba sawa. Nikasema, na anayemaliza kipande chake mapema asikae kupiga soga, aingie kinachofuata siku hiyohiyo. Wakaandika. Nikaona nimepata upepo, nikaongeza: mtaa wa mwisho ondoeni mashimo yote ya kuchungulia. Mimi nimezaliwa pale. Lipo bomba moja la maji, mkono wa kushoto. Nililipasua kwa jembe nikiwa mdogo, na mama akanipasua mimi. Zaidi ya hilo ni udongo mwekundu na minyoo.

Mama yule akashusha miwani ya kichwani, akawa na zote mbili machoni. "Una uhakika?"

Nikamwambia, "Mama, mtaa ule naujua kuliko mifuko yangu."

Mashimo yakafutwa. Tumeokoa wiki nzima! Wamenipa kofia nyeupe, dada, ile ya wakubwa. Mashine itaingia mtaa wetu baada ya tarehe ishirini. Nyaya zikishawaka tutaongea kwa simu, utanisikia kama niko chumba cha pili.

Nilipotoka kikaoni mkono ulikuwa unatetemeka kidogo. Ile chai walitia majani mengi mno.

Bingwa, sasa mwenye kofia nyeupe.

* * *

Tarehe 12 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Wote wazima. Soma hii ukiwa umekaa.

Rudisha hayo mashimo. Lipo bomba.

Ni bomba la mafuta, linakwenda kwenye ghala kubwa walilojenga watu wa mafuta nyuma ya shule baada ya wewe kuondoka. Walitaka kupitia ng'ambo, mwenye duka la unga akagoma kama alivyowagomea ninyi. Wakaja kwangu. Kiwanja ni chako, ilibidi nikuulize, sikukuuliza. Niliona utakataa, na paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha watoto. Wakanipa mabati. Ndiyo, mabati hayahaya unayoyasifu kila ukija, ukimpongeza shemeji yako, naye akipokea pongezi bila aibu.

Walipomaliza walisimika nguzo fupi ya njano yenye maandishi ya hatari. Ulipopiga simu kusema unakuja likizo, niliishonea nguo. Turubai la kijani, na vifungo, kazi safi kabisa. Nikapanga kuni pembeni ikaonekana kama rundo la kuni. Ulikuja, ukaiegemea, ukawasha sigara. Nilikuwa dirishani, nikauma kitambaa nilichokuwa nashona.

Nikawa kila siku nasema kesho nitaivua ile nguo. Wapimaji wenu walipopita na rangi zao wiki iliyopita niliwaona wanakagua mtaa wa jirani. Mtaa wetu wakaupita moja kwa moja. Nikashukuru! Nilidhani ni bahati, kumbe ni neno lako.

Leo nimeivua. Lakini nguzo peke yake haitasaidia, kwa sababu bomba halinyooki. Likitoka kiwanjani linakata kona, linapita mbele ya mlango wa duka langu ndipo liingie barabarani. Mimi niliwaona wakichimba. Mwingine anayejua hapa simjui.

Nimempa Kobe barua hii mkononi. Nimemwambia ni ya ugonjwa.

Nitukane ukitaka, ila rudisha mashimo kwanza.

Dada yako.

* * *

Tarehe 17 Machi

Dada,

Sijambo. Hapana, si kweli. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa chini kwenye tope na suruali ya kazi.

Sikiliza. Hawangoji tarehe ishirini. Wenzetu wa huko, Kobe ananiambia, walimaliza kipande chao mapema, na mpango wangu unasema anayemaliza asikae. Watakuwa wameshaingia mtaani kwetu. Pengine ninapoandika mashine inanguruma mlangoni kwako.

Fanya haya, usinibishie hata moja. Pasi yako ya mkaa imwagie maji. Jiko lizime. Mwambie mwenye mkahawa azime lake, akibisha mwambie nitakuja kumpiga mwenyewe. Watoto wapeleke kwa shangazi, shemeji abebwe kama mguu hautaki. Ukisikia harufu ya mafuta usifunge mlango, usichukue nguo za wateja, usichukue chochote, kimbia kuelekea upepo unakotoka. Wewe kwanza, dada. Cherehani itanunuliwa nyingine.

Nimemweleza mhandisi mkuu. Nilitamani anigombeze. Alivua miwani zote mbili, akaandika amri ya kusimamisha kazi, akaniambia, "Andika na wewe, chini ya yangu, kwamba neno lako la kwanza lisiaminiwe." Nimeandika. Ile kofia nimeiacha mezani.

Nataka kuja na siwezi. Ncha yangu mimi iko chini ya reli, imefika nusu, na treni zinapita juu. Nikiiacha hapo ardhi itabonyea. Nimeambiwa nisitoke mpaka itokee upande wa pili. Nasimama hapa nachunga reli za watu nisiowajua, na dada yangu amekaa juu ya petroli niliyosema haipo.

Simu za huko hazishiki, nimejaribu mpaka kidole kimeuma. Pikipiki zimerudishwa mtoni, maji yamejaa, malori tu ndiyo yanavuka. Kobe anaondoka sasa hivi na barua mbili, hii yako na ile ya amri. Nilimwomba akimbie. Nilitegemea atanuna. Aliniangalia usoni, akapanda, na lori likatoka mlango bado haujafungwa. Sijawahi kumwona Kobe akiendesha vile, na hilo ndilo limenimaliza.

Leo hakuna jua, dada, wala sijanywa chai.

Mdogo wako.

* * *

Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Hii sijui itakufikia lini, maana Kobe bado hajarudi kutoka kwako. Naandika hivyohivyo, kwa sababu nikikaa bure nitainuka nikimbie.

Nimekaa barabarani. Nimetoa cherehani yangu na kiti, nimeviweka mbele ya duka, pale hasa nilipowaona wakilaza bomba. Karatasi hii iko juu ya meza ya cherehani. Mashine yenu iko kule mwisho wa mtaa, kubwa kuliko ulivyosema, na imeshaanza tangu asubuhi. Siisikii kwa masikio, naisikia kwenye miguu ya kiti.

Pasi nimeimwagia maji. Watoto wako kwa shangazi. Mwenye mkahawa amezima jiko akilalamika. Shemeji yako amekataa kuondoka, yuko kwenye kizingiti na fimbo yake, nimemwambia akae hapo afanane na mlinzi.

Msimamizi wao, jamaa mnene wanayemwita Saruji, alikuja mbio.

"Mama, toka hapo, tuko kazini."

"Na mimi niko kazini. Huoni nashona?"

"Utaumia!"

"Chini yangu kuna bomba la mafuta. Tukiumia tutaumia wote, na wewe ndiye mnene."

Nikamwonyesha nguzo. Akaiangalia, akasema nguzo iko kiwanjani, wao wanapita barabarani, mbali nayo. Nikamwambia bomba lina kona. Akatoa karatasi. "Hapa hakuna kitu. Msimamizi wetu wa mpango amesema hivyo, na yeye kazaliwa mtaa huuhuu."

"Najua, nimembeba mgongoni. Anadanganya tangu hajaota meno."

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka, akasema ana siku zake za kumaliza, mashine ikisimama anakatwa mshahara. Nikamwomba shimo moja tu, kwa mikono, hapa nilipokaa. Wasipoona kitu nawashonea wote suruali, bure, za mifuko minne. Akaangalia mashine, akaangalia mifuko yake ilivyochanika. Sasa anakuna kichwa.

Naogopa, mdogo wangu. Sindano imekatika, nimeshindwa kutunga nyingine, najifanya nashona na cherehani haina uzi.

Baadaye.

Alinyanyua mkono, mashine ikazimwa. Nilihama na kiti hatua chache, wakachimba nilipokuwa nimekaa. Mtaa mzima ulinyamaza, mpaka mwenye duka la unga akatoka nje kuuliza kuna msiba gani. Wakashuka magotini, wakashuka kiunoni, na vijana wakaanza kutajiana rangi za suruali wanazozitaka. Saruji akaingia mwenyewe shimoni. Koleo likagusa kitu. Halikugonga, liligusa tu. Akaliweka koleo pembeni, akapangusa udongo kwa kiganja, akasema, "Mama, sogea nyuma," kwa sauti ya mtoto mdogo.

Ni la njano, limeandikwa hatari.

Wakamwita yule mwenye kifaa aseme ncha iko wapi. Akaja akitembea polepole, macho chini, hatua, kituo, hatua, kituo. Akafika ukingoni mwa shimo akasimama, ncha iko pale chini yake. Akanyoosha kiganja, akakiweka kati ya ukingo na bomba. Kilijaa. Haikubaki nafasi ya kidole.

Nilikishika kiti kwa mikono miwili, sikukiachia. Wamenibeba pamoja na kiti.

Dada yako, mzima.

* * *

Tarehe 9 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima, ingawa najua u mzima, maana jana niliisikia sauti yako. Naandika kwa sababu jana sikusema kitu.

Niliingoja simu ile kwa miezi. Ikawaka, ukasema "Haloo", kweli kama uko chumba cha pili, na mimi, mtu wa maneno yote haya, nikakuuliza kama mvua imenyesha. Ukasema imenyesha kidogo. Ukaniuliza nimekula. Nikasema nimekula. Tukakata. Tumejenga kitu cha kupitisha dunia nzima, na sisi tukapitisha mvua kidogo.

Barua yako ya kwenye cherehani, uliyoiandika siku moja kabla ya ile yangu ya tarehe kumi na saba, ilinifikia baada ya Kobe kurudi. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyenipa habari, akiwa bado juu ya usukani: "Dada yako yuko. Anawadai suruali." Nikamshika mguu, nikalia kwenye kiatu chake. Anawasimulia wote. Mwache asimulie.

Kazi bado ninayo. Mpango ameuchukua mhandisi mkuu, na mashimo yote ya kuchungulia yamerudi, hata pale ambapo ramani inaapa hakuna kitu. Mimi ndiye mkuu wa hayo mashimo. Ukiniuliza ni cheo gani, ni kikubwa mno, kinahitaji mtu wa kupiga magoti. Ila kila koleo likiingia ardhini naliambia taratibu, taratibu, kwa sauti. Zamani nilikuwa nawacheka waliokuwa hivyo.

Kiwanja usikitaje tena, na mabati yakae juu ya watoto. Mwambie tu shemeji anirudishie pongezi zangu. Ile nguzo iache uchi, hata ikitia aibu mbele ya wageni. Nikija nitasimama mbali nayo, na sigara nimeacha. Niliacha ile tarehe kumi na saba, nikiwa nimeishika mkononi bila kuiwasha.

Nitumie uzi wa njano. Usinipe mabaki safari hii, nipe kibiringo kizima.

Jioni nitapiga tena. Ukipokea ukasikia kimya, usipige kelele "haloo, haloo" ukadhani ni mtandao. Mtandao ni mzuri, nimeujenga mimi. Usikate, kaa tu hapohapo. Ni mimi, nipo, bado naogopa kusema.

Mdogo wako.